Figo za Msusi

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia saluni kwa mama yake. Jina hilo la utani binti huyu hakupewa bure: mdomo wake haukujua likizo. Humo saluni watu walijaa pomoni, wengine wakisukwa, wengine wamefuata umbea tu.

Mama alikuwa msusi wa kutajwa mtaani, na kanuni yake ilikuwa moja: kichwa hakiachwi katikati. Choo kilikuwa ng'ambo ya soko, na kwenda huko kulimaanisha kumwacha mteja nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama timtim. Basi mama hakunywa maji mpaka jioni, hata siku za joto kali. Mgongo ukimlemea, alimnong'oneza Chiriku.

"Mwanangu, kimbia dukani, niletee vidonge vyangu vya maumivu. Na hayo yabaki kati yetu."

Msusi mwenzake, aliyebandikwa jina la Redio kwa sababu habari zote za mtaa zilianzia kwake, alimwandama kwa maneno.

"Shoga, utakauka kama ukuni! Kunywa japo funda moja."

"Nikienda chooni, huyu bibi harusi atamaliziwa na nani? Wewe utamsuka kwa mdomo?"

Saluni nzima iliangua kicheko. Chiriku naye alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kicheko hicho hakikudumu. Miguu ya mama ilianza kuvimba hadi viatu vikakataa kuingia. Mkojo ukapungua, ukawa matone meusi kama chai ya rangi. Mchana mmoja chanuo lilimponyoka, naye akaanguka. Redio alimbeba mpaka hospitali.

"Mama, kuna dawa yoyote umekuwa ukimeza?" daktari aliuliza.

"Hakuna, daktari," mama alijibu, akimkata Chiriku jicho.

Chiriku aliitunza siri. Mama ni mama, atampingaje mbele ya watu? Lakini kesho yake vipimo vilikuja vibaya zaidi, na mama, kwa sababu mgongo ulimuuma, alikuwa bado anameza vidonge alivyoficha chini ya mto. Chiriku alimfuata daktari ukumbini akilia, akamweleza yote.

Daktari aliketi naye kwenye benchi.

"Sikiliza, binti. Mwili ukikosa maji, hutuma homoni kwenye damu. Homoni ni wajumbe. Zikifika kwenye figo, huiambia mishipa ya damu: jibaneni, maji yamepungua. Mishipa ikijibana, damu inayoingia kwenye figo hupungua, na mkojo nao hupungua. Hivyo mwili unaokoa maji."

"Kumbe ni kitu kizuri?"

"Kwa muda mfupi, ndiyo. Figo nazo zina wajumbe wao, wanaoiambia mishipa: msifunge kabisa, tuachieni njia. Vidonge vya mama yako huwanyamazisha hao wa pili. Kwa hiyo mishipa imekuwa ikisikia amri moja tu: jibaneni, jibaneni. Figo zimekaa na njaa ya damu kwa miaka."

"Ningesema jana, zingepona?"

Daktari hakukimbilia kumfariji. "Zingeumia pungufu kidogo tu, basi. Zilikwishaharibika zamani. Hata hivyo, umetuonyesha adui. Leo vidonge vinakoma."

Vilikoma kweli. Mama aliwekewa maji ya mshipani, macho yakafunguka. Figo hazikurudi. Akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, uvimbe ukashuka kidogo, na daktari akasema safari hiyo ya mashine haitakuwa na mwisho.

Chiriku alikaa kando ya kitanda akitazama damu ya mama yake ikitoka kwenye bomba moja na kurudi kwa jingine.

"Mama, nimetoboa siri yako. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi ndiye niliyekutwika mzigo usio wa mtoto." Mama alimshika mkono kwa vidole visivyo na nguvu. "Mtu akikwambia ufiche ugonjwa wake, kataa, hata akiwa mimi niliyekuzaa. Na mwili wako ukiomba maji, upe saa ileile."

"Utapona, lakini?"

Mama alimvuta karibu.

"Sitapona, mwanangu. Ndiyo maana nataka unisikie vizuri."