Nililia Vizuri Mno

Kila siku nikirudi kutoka shule nilikuwa na kazi tatu: kuanua nguo, kuosha vyombo vya asubuhi na kukaa kimya. Mbili za kwanza alinipa shangazi yangu. Ya tatu nilijipa mwenyewe, maana hapakuwa na mtu wa kuongea naye. Shangazi alikuwa akipiga pasi kwenye duka la dobi. Alitoka alfajiri, akarudi jua likishazama, miguu imemvimba. Mama alikuwa amepata kazi mbali, akaniacha kwake mpaka mambo yatengemae.

Shuleni ndio usiseme. Nilihamia darasa la sita katikati ya muhula, wakati kila mtu ameshapata wa kukaa naye. Nilipewa dawati la nyuma, peke yangu, karibu na mafagio. Hakuna aliyenichokoza, na hakuna aliyeniita. Wakati wa mapumziko nilifungua mkate wangu nikautafuna polepole, ili nionekane nina shughuli. Kuna siku nilijiuliza kama nina damu ya kunguni.

Mtu pekee aliyeniuliza habari za siku yangu alikuwa jirani yetu, na jirani yetu alikuwa anaogopwa na mtaa mzima.

Alikuwa mwigizaji. Kwenye tamthilia ya televisheni ya kila Jumapili aliigiza mwanamume katili aitwaye Bwana Radi, anayefukuza wajane na kuchapa watoto. Na alijua kuigiza, we acha tu! Macho yanamtoka, mshipa wa shingo unasimama, halafu sauti inashuka chini mpaka unatamani heri angepiga kelele. Watu walimwogopa hata alipokwenda kununua chumvi. Mwenye duka aliiweka juu ya meza, akarudi nyuma hatua mbili.

Mimi nilimjua mwingine. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba vingi vinavyozunguka ua mmoja, na chumba chake kilipakana na chetu. Mtu huyo alishona vifungo vyake mwenyewe, miwani imefungwa kwa uzi. Siku moja nilimwona akijikwaa kwenye kiti, akakiomba radhi kiti. Kweli tena, nilimsikia kwa masikio yangu: “Samahani, ndugu.” Nilimwita Mjomba. Nilimpenda, nasema wazi, na kwa kazi yake nilimvulia kofia.

Kila alasiri alifanya mazoezi ya maneno yake. Mwigizaji hawezi kufanya mazoezi hayo peke yake. Lazima awepo wa kumsomea maneno ya wenzake, ili yeye apate kujibu. Msomaji huyo nilikuwa mimi. Shangazi alikubali, kwa sharti kwamba mlango ukae wazi. Nilisoma mjane, nikasoma polisi, hata mbwa nilimbwekea. Mjomba akimaliza kufoka alikung'uta mikono, akaniuliza kwa sauti yake laini, “Nimekutisha, mwanangu?”

“Hata kidogo, Mjomba!”

Uongo mtupu. Nilikuwa nimetishika mpaka vinyweleo vimesimama, na nilifurahi sana.

Siku moja nilipangiwa kusoma mtoto anayechapwa. Karatasi iliandikwa maneno mawili tu: mtoto analia.

“Usilie kwa mdomo,” Mjomba alinifundisha. “Kumbuka kitu kinachokuuma, halafu jitahidi usilie. Kilio cha kweli kinamtoka mtu anayekizuia.”

Nikakumbuka mama alivyonipungia mkono siku ya kuondoka. Lo! Kilitoka kilio ambacho sikujua kama ninacho. Mjomba naye akanguruma, “Nyamaza! Leo utanijua mimi ni nani!” huku akipiga godoro kwa mkanda, pa! pa! Tulipomaliza aliniletea maji ya kunywa, akaniambia nina kipaji. Nilirudi kwetu nikirukaruka.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, wasichana watatu walinijia. Aliyetangulia alikuwa kapteni wa timu ya netiboli. Wote tulimwita Kapteni, hata walimu. Akitembea, nusu ya darasa inamfuata. Alikaa kwenye dawati langu.

“Jana tulipita nyuma ya nyumba yenu,” akasema kwa sauti ya chini. “Tulisikia. Yule Bwana Radi anakupiga?”

Kusema hapana kulikuwa rahisi. Neno moja tu. Lakini mkono wa Kapteni ulikuwa begani kwangu, na tangu nihamie pale hakuna aliyewahi kunigusa ila kwa kunipita mlangoni. Niliinamisha kichwa, nikanyamaza.

“Maskini wee,” Kapteni akasema, na machozi yakamlengalenga. “Njoo ukae na sisi.”

Nikaenda nikakaa nao.

Wiki hiyo na mimi nilikuwa mtu. Chungwa likipasuliwa, kipande changu kipo. Kamba ya kuruka ikishikwa, zamu yangu ipo. Waliponiuliza Bwana Radi alinipigia nini, nikaanza kutia chumvi: mara nimemwaga maji, mara nimecheka vibaya. Alasiri sikuweza kumtazama Mjomba usoni. Nilimwambia nina kazi nyingi za shule.

“Soma kwanza, mwanangu,” akanijibu. “Radi atasubiri.”

Nilijifungia chumbani nikaona aibu. Lakini asubuhi yake niliamka nikakimbilia kwa wenzangu.

Kumbe maneno hayakai mahali pamoja. Kapteni alimwambia mama yake. Mama yake aliwaambia wenzake, na Alhamisi jioni ua wetu ulijaa watu. Mama mwenye nyumba alisimama mbele ya mlango wa Mjomba, mikono kiunoni.

“Jumamosi sitaki kukuona hapa!” alifoka. “Unasema mazoezi, kumbe mtoto wa watu unamfanya ngoma?”

Shangazi alifika mbio, aproni ya kazini bado iko kifuani. Mjomba alitoka na sindano mkononi, kwa sababu alikuwa akishona. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

“Muulizeni mtoto mwenyewe,” akasema. “Na msimtishe. Atakalosema yeye, mimi nitalikubali.”

Macho yote yakanigeukia. Kapteni alikuwa amesimama karibu na mama yake, akanitikisia kichwa kunipa moyo. Nikaona nikisema kweli ninampoteza yeye na wote waliokuja naye. Kwa mara ya pili nikanyamaza.

“Si mnaona!” akasema mama mwenye nyumba.

Shangazi alikaa chini pale pale kwenye ngazi, akaanza kulia. “Mimi ndiye niliyemruhusu aende kule,” alisema. “Mimi ndiye. Nitamwambia nini mama yake?”

Mjomba alinitazama. Nilingoja hasira, maana hasira ya Bwana Radi niliizoea. Haikuja. Aliingia ndani taratibu, na muda si muda nikasikia masanduku yakiburutwa upande wa pili wa ukuta. Hakufanya mazoezi jioni ile. Nilikaa nikisikiliza, na sijawahi kujisikia mpweke kama siku ile niliyokuwa na marafiki watatu.

Ijumaa wazazi waliitana shuleni, na shangazi naye akaomba ruhusa kazini akaja. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole lakini asiye na mchezo, alikuwa amepanga kumwalika Mjomba afundishe wanafunzi kuigiza. Sasa wazazi walitaka asikanyage pale, na wengine walitaka polisi waitwe. Tuliokuwa nje tulisikia kila kitu. Niliposikia neno polisi, miguu ikanipeleka ndani bila kuitwa.

“Hajanipiga,” nikasema. “Hajanigusa hata siku moja. Nilikuwa namsomea maneno yake ya tamthilia. Nimewadanganya.”

Unajua walinijibu nini? Hawakuniamini!

“Ametishwa huyu,” alisema mama yake Kapteni. “Mwoneni anavyotetemeka. Binti yangu alisikia kilio kwa masikio yake, na kilio kile si cha mchezo.”

Wengine wakaitikia. Nilivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kunionea huruma. Nikawaza kwamba Mjomba atachukuliwa na polisi huku mimi nimesimama nasema kweli na hakuna wa kunisikia.

Mwalimu mkuu aliinua mkono watu wakanyamaza. “Ulikuwa unasoma sehemu ya nani?” akaniuliza.

“Mtoto anayelia, mwalimu.”

“Haya. Tusomee.”

Nilisimama katikati ya chumba. Nilimkumbuka shangazi alivyokaa kwenye ngazi na aproni yake, nikajitahidi nisilie. Kilio kikanitoka. Mama mmoja akajishika kifua, mwingine akanyanyuka kuja kunikumbatia. Hapo nikakikata katikati, nikafuta uso kwa mkono, nikasema, “Ni hivyo. Ndivyo nilivyolia.”

Kisha sauti ya Kapteni ikatoka mlangoni.

“Ndicho,” alisema. “Ndicho kilio nilichokisikia.”

Nilimgeukia. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alinitazama kama mtu aliyekuta funza ndani ya tunda alilokwisha kuliuma, akaondoka, na wale wawili wakamfuata.

Shangazi alinishika mkono kwa nguvu. Nilidhani atanichapa mbele za watu, kumbe alikuwa ananishikilia nisianguke. Mwalimu mkuu aliwageukia wazazi kwanza.

“Hamkukosea kuuliza,” aliwaambia. “Mtoto akisema anaumizwa, tunasikiliza. Leo na kesho, tutasikiliza.” Kisha akaniangalia mimi. “Katika shule hii yupo mtoto anayepigwa kweli. Simjui ni nani, lakini yupo. Siku atakapopata ujasiri aje kusema, kuna mtu humu ndani atawaza: labda na huyu anaigiza. Mtoto huyo umemfungia mlango, na hujawahi hata kumwona. Kaa na hilo, mwanangu.”

Nililia tena, na safari hii hakuna aliyenyanyuka.

Jioni, nyumbani, mama mwenye nyumba alimwomba Mjomba radhi, akamsaidia kwa mikono yake kurudisha masanduku mahali pake. Mimi nilisimama mlangoni nisijue pa kuanzia.

“Nisamehe, Mjomba.”

“Nimekusamehe,” akasema. “Lakini imeniuma, sitakuficha.”

“Kwa nini hukujitetea?”

Alikaa juu ya sanduku. “Ningefoka, wangemwona Radi. Ningelia, wangesema naigiza. Kweli yote ilikuwa kwako peke yako. Ndiyo maana nilisema uulizwe wewe.”

Jumatatu nilikula mkate wangu peke yangu. Hilo nililitarajia. Lililonichoma ni pale nilipomfuata Kapteni kumwomba radhi, akanikata jicho.

“Niliota ndoto mbaya kwa ajili yako,” alisema. “Nilimwomba mama akuchukue uje kukaa kwetu. Sasa naona mimi sikujui kabisa wewe ni nani.” Akanipa mgongo.

Alasiri Mjomba alikuwa ametoa viti viwili uani, mbele ya milango yote, kila mtu aone na asikie. Alinipa karatasi. Nilishindwa kusoma hata mstari mmoja, nikamwambia alivyosema Kapteni.

“Amesema kweli,” Mjomba akajibu.

“Mjomba!”

“Sikiliza. Mimi nadanganya kila Jumapili. Lakini aliyewasha televisheni anajua ni mchezo, tukimaliza anaizima akalale. Wewe hukuwaambia ni mchezo. Ulichukua huruma ya kweli ukalipa kwa machozi ya bandia.” Alisema bila kupandisha sauti, na maneno yakaniingia kuliko kufoka kokote. “Halafu kuna jambo la pili. Huyo Kapteni alikuwa anakaa na mtoto anayepigwa. Mtoto huyo hayupo duniani. Wewe ulibaki peke yako siku zote, hata ulipokuwa katikati yao, kwa sababu uliyempeleka kwao alikuwa mwingine.”

“Sasa nifanye nini?”

“Mtu mwongo hapati rafiki. Anayepata ni yule aliyemwigiza,” akasema. “Kapteni hajakutana na wewe bado. Kesho nenda ukamsalimie. Asipoitikia, kesho kutwa nenda tena. Usibebe kisa, usibebe chozi. Nenda wewe tu.”

Kesho yake nilikwenda. Nilimkuta Kapteni amekaa barazani anafunga kamba za viatu. Nilisimama mbele yake sina kidonda wala hadithi ya kumsimulia.

“Habari za asubuhi,” nikasema.

Alimaliza kufunga kiatu cha kwanza. Akafunga na cha pili. Nikajua hataitikia, nikageuka kwenda zangu darasani.

“Nzuri,” akasema nyuma yangu.