Gauni la Maud Tillery

Midomo ya Maud Tillery ilisema jambo ambalo jana haikulisema.

Hester aliusimamisha mtambo, akairudisha filamu nyuma, akatazama tena. Kazi yake pale studio ya Fort Lee ilikuwa kuunganisha vipande vya filamu, na kwa vile alikuwa kiziwi tangu utotoni, alisoma midomo kama wewe unavyosoma gazeti. Waigizaji wa picha zile zisizo na sauti walijisemea chochote, maana nani angesikia? Katika kipande cha busu la harusi, bwana harusi alikuwa akilalamika kwamba viatu vinambana, na Maud akimjibu, "Vumilia." Hester alikuwa amelicheka hilo mpaka machozi. Leo Maud hakumjibu bwana harusi. Aligeuza uso, akamkazia Hester macho, akasema: "Gauni langu asilivae mtu."

Na Maud alikuwa ameshazikwa.

Alizama mto Hudson akiwa ndani ya gauni hilohilo, mashua ilipopinduka wakati wanapiga picha. Filamu ilibakiza kipande kimoja tu, bibi harusi akipanda ngazi za kanisa, na Bwana Pruitt, mwongozaji, hakuwa mtu wa kutupa filamu kwa sababu ya maiti. Atafutwe msichana wa kimo kilekile, avishwe gauni lilelile, shela usoni, mgongo kwa kamera. Watazamaji watajulia wapi? Ndivyo walivyozoea kufanya pale studio. Basi gauni likaanikwa, likapigwa pasi, na msichana aliyepatikana akawa Leonie, mdogo wake Hester, mtu pekee duniani aliyezungumza naye kwa mikono.

Hester alimkuta chumba cha mavazi akifunga kifungo cha mwisho. Chumba kizima kilinuka matope ya mto.

"Livue," alimwambia kwa mikono. "Maud hataki livaliwe. Nimemwona akisema."

"Dada, umechoka wewe," vidole vya Leonie vilijibu harakaharaka. "Nimefagia hapa miaka yote nikingoja waniite. Leo wameniita. Usiniharibie, tafadhali."

"Limelowa, mdogo wangu."

"Kavu kabisa. Hebu shika."

Hester akashika. Kweli, lilikuwa kavu. Lakini alipoutoa mkono, kiganja kilichuruzika maji.

Alimkimbilia Pruitt na kutumia sauti yake, ile aliyoionea aibu mbele za watu. "Msimvalishe. Nakuomba, bwana." Pruitt hakumtazama hata usoni. "Mtoeni huyu," midomo yake ilisema, "jua linatukimbia."

Wakamtoa, wakakomea mlango, naye akabaki nje ya ukuta wa vioo ulioingiza jua studio, akigonga kwa ngumi zote mbili, akimwona mdogo wake akipanda ngazi za mbao zilizopakwa rangi ya mawe, ngazi ya kwanza, ya pili, na kila alipokanyaga pakabaki alama ya maji ambayo hakuna fundi aliyeiona, na ile shela ikamnata usoni kama kitambaa kilichotoka kufuliwa, ikaingia kinywani alipovuta pumzi, ikatoka, ikaingia, mpaka ikatulia, na Leonie akasimama pale juu bila kupumua huku Pruitt akipiga makofi kwa furaha.

Mlango ulipofunguliwa, Leonie alitoka wa kwanza, amefunua shela, anatabasamu. Hester alimwangukia kwa kilio, kisha akajitoa kifuani pake ili mikono ipate nafasi.

"U mzima?" akauliza. "Mdogo wangu, u mzima?"

Leonie aliitazama ile mikono. Akamtazama Hester usoni, akairudia mikono, amekunja uso kama mgeni anayeongeleshwa lugha asiyoijua. Hester alirudia swali polepole, kama alivyomfundisha alipokuwa mtoto. Halafu akaliuliza tena.

Leonie akaishika mikono yote miwili, akaishusha taratibu, akaibana isitikisike. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, vimelowa.

"Vumilia," midomo yake ilisema.