Kushindana na Ayoo

Nyambeki alikuwa amefika katikati ya mstari wake, akichuma chai kama anayekimbizwa na mvua. Mtoto ambaye angewashinda wenzake kwa kuchuma juma lile angepanda lori hadi Fort Ternan kuona gari moshi. Tangu wazazi wake watoke Kisii kuja kufanya kazi katika shamba hili la Kericho, Nyambeki alikuwa akiliota gari hilo.

Kwenye mstari wa pili alikuwa Ayoo, ambaye watu wake walitoka upande wa ziwa.

"Wewe Nyambeki, unayaomba majani ruhusa kwanza?" Ayoo alimtania.

Nyambeki alianza kukwanyua majani magumu ya chini, akayafunika kwa yale machanga. Kikapu kikajaa upesi.

Kwenye mizani, nyapara Ogeto alitia mkono hadi chini, kisha akakimwaga kikapu chote.

"Haya ni ya chai au ya mbuzi? Chagua upya, majani mawili na chipukizi tu, la sivyo siku yako imepotea."

Nyambeki alipiga magoti, machozi yakimlengalenga. Mara akaona mikono mingine miwili ndani ya lundo. Ayoo alikuwa ameacha mstari wake.

"Utachelewa," Nyambeki alinong'ona.

"Nikikushinda ukiwa umekaa chini, nitajisifu kwa nani?"

Ndipo Nyambeki alipoitazama ile mikono, akaduwaa. Vidole vilidonoa kama vifaranga: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, wala Ayoo hakuviangalia. Kumbe siku zote yeye Nyambeki alikuwa akitazama kikapu tu!

Alasiri, darasani, Mwalimu Alfayo aliandika neno moja ubaoni: *compete*. Akauliza maana yake.

"Kumshinda mtu!" Momanyi alijibu.

Nyambeki akasimama, akaeleza yote aliyoyafanya.

"Keti, mwanangu," Mwalimu alisema polepole. "Kushinda ni neno lingine. Hili ni kushindana. Waingereza huliongezea *with*, yaani 'na', kwa yule mnayeshindana naye, na *for*, yaani 'kwa ajili ya', kwa kile mnachokitafuta. Wewe ulikiona kitu, ukamsahau mtu. Anayekutangulia kwa haki anakuonyesha unakoweza kufika. Ukimdanganya, umejinyima mwalimu."

Nyambeki akamgeukia Ayoo. "Kesho nitachuma karibu nawe, nione vidole."

"Ukiweza kuvifuata!"

Nje mvua ilikuwa imeanza, na nusu ya mstari wa kila mmoja wao ilikuwa bado haijachumwa.