Mtu wa Naiti Haamshwi

Milka na mumewe Japheth waliishi Najma, mtaa wa mji mmoja wa Kiarabu, katika nyumba ya vyumba vingi iliyojaa Wakenya. Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja: aliyetoka kazi ya usiku haamshwi. Mchana watu walinyata kama wezi. Milka alikuwa askari wa sheria hiyo, na ole wako udondoshe sufuria.

Athanas, mdogo wake Milka, alikuwa mlinzi wa usiku. Alilala peke yake chumba cha mwisho. Mwezi wa Julai kiyoyozi chake kiliharibika. Fundi alisema atakuja kesho.

"Njoo ulale kwetu," Milka alimwambia asubuhi.

"Wacha, dada. Nyinyi wenyewe mmebanana. Nitawasha feni."

Saa sita mchana Milka alimpelekea ugali na sukuma wiki. Mlango ulikuwa umefungwa. Jirani yao, Levis, alikuwa akicheka na simu.

"Shh! Levis, we! Athanas ametoka naiti."

Akafunika sahani, akaiacha mlangoni, akaenda kazini hotelini.

Jioni sahani ilikuwa palepale. Japheth alivunja mlango. Athanas alikuwa ameshakufa. Dirisha lilikuwa limefungwa kuzuia vumbi, na feni ilipuliza hewa ya moto.

Milka alilia hadi sauti ikamkauka. "Ni mimi niliwanyamazisha watu," alisema. "Pengine alikuwa bado hai."

Ijumaa, siku ya mapumziko huko, baada ya ibada kanisani, Mkenya mwenzao Jeptoo alikuja kuwapa pole. Jeptoo alikuwa muuguzi, nao walimwita Sista. Hakumwambia Milka asilie. Aliketi naye sakafuni.

"Sista, joto linaua mtu akiwa ndani, kitandani?" Milka aliuliza.

"Linaua. Julai ya mwaka 1995, kule Chicago, Marekani, liliua watu zaidi ya mia saba kwa siku chache. Wengi walikuwa wazee. Wengine walijifungia madirisha wakiogopa wezi. Hawakuwa na mtu wa kuwagongea mlango."

"Marekani?" Japheth alishangaa. "Na hospitali zote zile?"

"Hospitali itamtibuje mtu ambaye hakuna anayejua anaumwa? Miaka minne baadaye joto kali lilirudi. Safari hiyo mji ulituma watu wapite kuwaangalia wazee. Bado wengine walikufa, lakini wachache zaidi."

Akawaeleza polepole. "Mtu akiwa na mwili wa moto, na asijibu, au ajibu mambo yasiyoeleweka, hiyo ni dharura. Piga 999. Mtoe kwenye joto. Mmwagie maji mwilini, mpepee. Kama hana fahamu, usimnyweshe kitu. Na chumba kikiwa moto sana, usitegemee feni peke yake."

"Mbona hukutuambia mapema?" Milka aliuliza.

Jeptoo aliinamisha kichwa. "Nilidhani mnajua," alisema.

Sheria ya nyumba ikabadilika. Kiyoyozi kikiharibika, mwenye chumba analala kwa jirani, apende asipende. Anayelala mchana atagongewa, na lazima ajibu kwa mdomo wake. Levis, ambaye sasa alilinda shamba huko Umm Salal, nje ya mji, tangu usiku hadi jua linapokuwa kali, alilalamika kila siku.

"Milka, jamani! Mtu hawezi kulala humu?"

Siku moja ya Agosti Milka aligonga. Levis hakulalamika. Alisema kwa sauti ya kilevi, "Mama, ng'ombe wametoka." Milka alisukuma mlango. Levis alikuwa amejilaza na sare yake, mwili unachoma.

"Japheth! Piga 999!"

Walimvua sare, wakammwagia maji, wakampepea kwa kanga hadi gari la wagonjwa lilipofika. Hospitalini daktari alisema wangechelewa kidogo tu, wangempoteza.

Levis aliporudi nyumbani, Milka aligonga mlango wake mchana kama kawaida.

"Milka, jamani!" Levis alifoka. "Unataka nini tena?"

Milka aliegemeza paji la uso mlangoni. Machozi yalimtoka.

"Lala, ndugu yangu," alisema. "Nilitaka tu kukusikia."