Kiwavi Mwenye Pembe Mkiani

Nakundwa alikuwa msichana mdogo aliyevaa sweta kubwa. Sweta lilikuwa la mama yake mdogo. Mikono ya sweta ilining'inia hadi magotini.

Alikuwa amefika mlimani asubuhi ile. Kule chini alikotoka kuna jua kali, kuna mikonge na vumbi jekundu. Huku juu Upare kuna ukungu, migomba na mashamba ya tangawizi.

Mama yake alikuwa amekwenda mjini kusomea uuguzi. Ndiyo maana Nakundwa alikuja kukaa na Mama Mdogo Nanzia.

Nakundwa alikunjua mkeka wake.

Tazama. Kwenye ukingo wa mkeka alikuwepo kiwavi. Alikuwa mdogo, wa kijani, na mkiani alikuwa na kipembe kilichopinda.

"Umekuja na mimi?" Nakundwa alimuuliza.

Kiwavi akainua kichwa. Akakishusha.

Mlangoni akatokea mtoto wa jirani. Jina lake Tumsifu. Alikuwa na pengo la jino la mbele.

"Wewe ni wa nani?" Tumsifu aliuliza. "Kwenu ni wapi?"

Nakundwa alifungua mdomo. Maneno hayakutoka. Kwao ni chini, lakini kule chini nyumba imefungwa. Atalala hapa, lakini hapa hamjui mtu.

Akatazama vidole vyake vya miguu. Tumsifu akangoja, akangoja. Kisha akaenda zake.

Nakundwa alimweka kiwavi ndani ya kopo. Akamwinamia.

"Wewe ni wa nani?" alimnong'oneza. "Kwenu ni wapi?"

Kiwavi hakujibu. Viwavi hawasemi. Ila alionekana ana njaa.

Nakundwa alichuma jani la mgomba. Akalikata kipande, akakiweka ndani ya kopo.

Kiwavi akainua kichwa. Akakishusha. Hakula.

Nakundwa alichuma jani la mkahawa. Lilikuwa linang'aa kama limepakwa mafuta.

Kiwavi akainua kichwa. Akakishusha. Hakula.

Nakundwa alileta jani la maharage, jani la tangawizi, na kidonge cha ugali aliouficha wakati wa chakula.

Kiwavi hakuinua hata kichwa.

Nakundwa akaanza kulia. Alilia polepole, ndani ya mkono wa sweta, ili asisikike.

Lakini Mama Mdogo Nanzia alisikia. Alikuja akachuchumaa karibu yake.

"Una nini, mwanangu?"

"Kiwavi wangu hali," alisema Nakundwa. "Chakula cha huku hakitaki. Atakufa, Mamdogo."

Mama Mdogo akachungulia kopo. Hakucheka. Hakusema kiwavi ni mdudu tu.

"Hebu tumjue kwanza ni wa nani," alisema. "Tukimjua ni wa nani, tutajua anakula nini."

Kazi ya Mama Mdogo ilikuwa kuwajua nondo. Nondo anafanana na kipepeo, ila wengi wao huruka giza likiingia. Na kiwavi ni mtoto. Akikua, huwa nondo au kipepeo.

Jioni, Mama Mdogo alitundika shuka jeupe barazani. Akawasha taa mbele yake. Wakakaa kwenye kigoda kimoja, wakangoja.

Pu. Nondo wa kwanza akagonga shuka.

Pu, pu. Wakaja wengine. Pu, pu, pu. Shuka likajaa wageni.

"Angalia mabawa," alisema Mama Mdogo. "Huyu ameyatandaza kama nguo iliyoanikwa. Na yule?"

"Ameyakunja," alisema Nakundwa. "Kama paa la nyumba."

"Basi hao ni koo mbili. Nondo wana koo, kama sisi. Na yule mkubwa mwenye madoa kama macho kwenye mabawa?"

"Ukoo mwingine."

"Umeona. Sasa mtazame huyu."

Vuuu, vuuu, vuuu. Alikuja nondo mnene, mwenye mabawa marefu membamba. Alikuja kwa kasi kama jiwe lililorushwa. Akatua pembeni mwa shuka, akatulia.

"Huyu alipokuwa mtoto alikuwa na pembe mkiani," alisema Mama Mdogo. "Karibu watoto wote wa ukoo wake wana pembe mkiani."

Nakundwa aliinuka. Akalileta kopo karibu na taa.

"Wangu anayo," alisema. "Ni wa kwao."

Walitazamana, kiwavi na yule nondo. Au labda hawakutazamana. Lakini Nakundwa aliona hivyo.

"Wanakula nini kwao?" aliuliza.

"Wengine hula majani ya magimbi. Wengine hula matembele, yale majani ya viazi vitamu. Kesho tutajaribu."

Kesho yake Mama Mdogo alikata jani la gimbi nyuma ya jiko. Lilikuwa pana kama sinia.

Kiwavi akainua kichwa. Akakishusha. Hakula.

"Yamebaki matembele," alisema Mama Mdogo. "Sisi hatujapanda. Bibi Nakiete anayo. Yule bibi yake Tumsifu."

Nakundwa akaminya kopo kifuani. "Twende wote, Mamdogo."

"Nina chungu motoni, mwanangu. Nenda, mimi nitasimama hapa mlangoni. Nitakuona mpaka unafika."

Nakundwa akaenda. Kila baada ya hatua kadhaa aligeuka nyuma. Na kila alipogeuka, Mama Mdogo alikuwepo mlangoni na mwiko wake mkononi.

Bibi Nakiete alikuwa ameinama shambani. Tumsifu alikuwa anamsaidia kupalilia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Una nini kwenye kopo?"

"Kiwavi, bibi. Naomba matembele ya kumlisha."

Bibi alinyooka. Akashika kiuno.

"Asubuhi yote nawatoa viwavi kwenye viazi vyangu," alisema. "Nawe unataka nimpe mmoja chakula? Hebu niambie, wewe ni wa nani? Na kwenu ni wapi?"

Lile swali tena. Masikio ya Nakundwa yalipata moto. Alitaka kutazama vidole vya miguu.

Lakini alimtazama kiwavi. Kiwavi alikuwa amelala kwa ubavu, amenyauka kama ganda la ndizi.

"Mimi ni wa Nanzia," alisema Nakundwa. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Mama yangu ni dada yake. Nimetoka chini, kwenye mikonge. Na huyu nimekuja naye. Sisi ni wageni, bibi. Hajala tangu jana."

Bibi Nakiete alichungulia kopo. Kisha akapangusa mikono kwenye kanga.

"Mgeni simnyimi chakula," alisema. "Hata akiwa na pembe mkiani. Tumsifu, mkatie mwenzio shina moja. Lakini mjukuu wangu, mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Mwambie hivyo huyo wako."

Tumsifu alicheka mpaka pengo likaonekana.

Wakaliweka tembele ndani ya kopo. Vichwa vitatu vikainama: cha Nakundwa, cha Tumsifu, na cha bibi mwenyewe.

Kiwavi akainua kichwa.

Kara.

Akanyamaza. Halafu tena. Kara, kara. Kara, kara, kara.

"Anakula," alisema Nakundwa.

"Namsikia," alisema Bibi Nakiete. "Kama mbuzi."

Toka siku hiyo, kila asubuhi Nakundwa alikwenda kwa Bibi Nakiete kuomba matembele. Aliomba, kisha akakaa kupalilia na Tumsifu. Hakugeuka tena nyuma njiani.

Kara, kara, kara. Kiwavi akanenepa. Akawa mrefu kama kidole cha Nakundwa, halafu kama kidole cha Mama Mdogo.

Siku moja akaacha kula. Akazunguka, akazunguka ndani ya kopo.

"Anaumwa?" aliuliza Nakundwa.

"Hapana. Anataka udongo. Ndimo wanamolala watu wa ukoo wake, wakitaka kugeuka."

Wakaleta ndoo yenye udongo laini. Kiwavi akaingiza kichwa. Akachimba, akachimba, mpaka pembe nayo ikapotea.

"Mwambieni bibi," alisema Tumsifu. "Jembe hakuhitaji."

Mama Mdogo alichomeka kijiti ndani ya ndoo. "Akitoka atapanda hapa, akaushe mabawa," alisema. Kisha akafunika ndoo kwa kipande cha chandarua.

Wakangoja. Mvua ikanyesha, wakangoja. Tangawizi ikavunwa, ikapakiwa, ikashuka mlimani kwa lori. Bado wakangoja.

Jioni moja, jua likiwa ndiyo kwanza limezama, Tumsifu aliita. "Nakundwa. Njoo. Njoo polepole."

Juu ya kijiti alikuwepo nondo.

Mabawa yake yalikuwa ya rangi ya majivu. Tumbo lake lilikuwa na mistari ya waridi, mizuri kama ya kanga mpya. Alikuwa anatetemeka.

"Anaogopa?" Nakundwa alinong'ona.

"Anapasha mwili moto," alisema Mama Mdogo. "Asipopata joto haruki."

"Akiruka atarudi chini kwao? Atapotea, Mamdogo. Njia haijui."

Mama Mdogo alimpakata.

"Wako nondo wanaoishi kwenye msitu huu wa juu tu, hawapatikani kwingine. Wako wanaoishi chini tu. Lakini wa aina hii wapo chini, na wapo hapa. Wapo hata ng'ambo ya bahari. Wanaruka mbali sana, na wakifika huwakuta wenzao."

Nakundwa alifikiri. "Kwa hiyo hapotei."

"Hapotei."

Nakundwa akaondoa chandarua kwa mikono yake mwenyewe.

Vuuu. Mabawa yakatetemeka haraka mpaka hayakuonekana. Vuuu, vuuu, vuuu. Nondo akainuka. Akapita juu ya pua ya Tumsifu, akaenda kwenye maua meupe ya uani.

Hapo akakunjua ulimi. Ulimi ulikuwa mrefu kupita mwili wake. Akaelea hewani, akanywa.

"Hata mimi ningependa ulimi kama ule," alisema Tumsifu. "Ningekunywa uji nikiwa kitandani."

Nakundwa akacheka. Alicheka kwa sauti, na Mama Mdogo akageuka kumtazama. Kicheko hicho alikuwa hajakisikia tangu mtoto aje.

Nondo akanywa ua hili, akanywa ua lile. Kisha akapaa juu ya migomba, akaenda.

Nakundwa alipunga mkono. Macho yalimlowa kidogo, lakini hakulia.

Ukungu ukashuka. Bibi Nakiete alipaza sauti kutoka kwake kwamba njia ina utelezi, Tumsifu alale huko huko.

Wakatandika mkeka mmoja. Wakajifunika blanketi moja.

"Nakundwa."

"Mm?"

"Miguu yako ina baridi."

"Yako pia."

"Sogea basi."

Nakundwa akasogea. Miguu minne ikabanana chini ya blanketi. Haikuchukua muda, yote ikapata joto.

Mama Mdogo alipokuja kuzima taa, aliwakuta wamelala fofofo.