Mashine ya Kuonyesha Wageni

Jamani, sogeeni niwasimulie yaliyotokea kwa Mzee Mihayo, hapa hapa jirani na Bariadi, miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika vijijini na kila nyumba ikataka kuwa na kitu ambacho jirani hana.

Ilikuwa asubuhi njema. Nyanjige, binti wa Mihayo, alikuwa uani na mama yake, Apolonia, wakichambua pamba, safi huku, chafu kule. Nyanjige haoni tangu utotoni, lakini kwa kazi hiyo vidole vyake viliwashinda wote pale nyumbani. Walikuwa wakitaniana na kucheka. Mara baiskeli ikaingia uani, na Nyanjige akamtambua mwalimu wake, Veronica, kwa kikohozi tu.

“Mwangaluka, mayu!” mwalimu akamwamkia Apolonia kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, mwalimu. Karibu.”

“Asante. Nimefuata ile mashine. Hii ni mara ya tatu.”

Nyanjige akaacha kuchambua, akatega sikio. Mashine yenyewe ilikuwa ya kuandikia nukta nundu, yale maandishi ya vitone vilivyoinuka ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Ya shule ilikuwa imekufa mwaka uliotangulia, ofisi ya elimu ikaleta mpya kwa jina la Nyanjige. Kwa kuwa stoo ya shule haikuwa na mlango wa maana, walikubaliana ilale kwa Mihayo, asubuhi iende darasani. Basi ikalala. Kuamka, haikuamka!

Mihayo akatoka ndani akiwa anatabasamu. “Mwalimu, kile ni kitu cha Ulaya. Watoto wenu watakivunja siku moja tu. Nyanjige ataanza kukitumia akifika sekondari.”

“Sekondari atafikaje, mzee? Mtihani wa darasa la saba ni mwezi wa tisa. Kwa kile kibao na msumari anatoboa nukta moja moja. Wenzake wanamaliza karatasi, yeye yuko katikati!”

“Atajitahidi,” Mihayo akasema, akaondoka zake kwenda kuangalia ng'ombe.

Msimfikirie vibaya. Mihayo alimpenda mwanawe. Ugonjwa wake ulikuwa sifa. Kila mgeni aliyekanyaga pale aliingizwa chumbani, mashine ikavutwa kutoka chini ya kitanda, katikati ya marobota ya pamba, akaambiwa, “Hii hata Bariadi mjini huipati!” Nyanjige alikuwa akisikia hayo kutoka jikoni, na machozi yakimtoka. Alitaka kuwa mwalimu. Alijua akishindwa mtihani ule, basi, ni kuchambua pamba maisha yake yote.

Jumapili moja baada ya misa walikuja wageni: Joakim, karani wa kampuni ya pamba, na Selestini, kaka yake Apolonia. Mihayo akaona ukarimu wa soda hautoshi.

“Nyanjige! Njoo uwapigie wageni mashine!”

Wewe! Alikuja mbio. Akaketi, akapanga vidole sita juu ya vitufe, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu. Havishuki. Akaingiza kidole ndani, akagusa kitu laini na cha moto.

“Baba, panya amezaa humu.”

Vitoto vikalia, wii wii. Selestini akacheka mpaka akashika ukuta. “Shemeji! Kumbe umefungua wodi ya wazazi, hukutuambia!” Joakim naye hoi.

Nyanjige hakucheka. “Baba,” alisema, “karani ameigusa. Mjomba ameigusa. Hata panya ameipata. Mimi, mwenye jina langu kwenye karatasi, leo ndiyo mara yangu ya kwanza.”

Kicheko kikakatika. Mihayo alitazama chini, na aibu ilimshika kwelikweli.

“Nimekosa, mwanangu,” alisema.

Kesho yake alfajiri aliipeleka mashine kwa Januarius, fundi wa kutengeneza cherehani sokoni Bariadi, aliyeichokonoa, akaipuliza, akaitia mafuta ya cherehani mpaka vitufe vikashuka vizuri. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi Mihayo aliendesha baiskeli kwenda shule, Nyanjige kwenye keria, mashine mapajani. Siku ya mtihani alikaa nje ya dirisha akisikiliza vitufe, kaka-kaka-kaka, akiwaambia wazazi wenzake, “Huyo wangu huyo! Hapumziki!”

Nyanjige alifaulu. Apolonia alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi.

Mwezi wa kwanza wa shule ya sekondari ya bweni ikaja barua yake, ukurasa mzima wa nukta. Mihayo aliipapasa juu chini, hakuambulia kitu, akakimbia nayo kwa Mwalimu Veronica. Mwalimu akapitisha vidole, akaanza kutabasamu.

“Anasema, ‘Baba, nina mengi ya kukwambia, lakini sitaki mwalimu wangu ayasome. Jifunze.’”

Mihayo alikuna kichwa. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele ya mwalimu, akanyoosha kidole chake kilichopasukapasuka kwa jembe. “Haya, mwalimu. Herufi ya kwanza ni ipi?”

MAFUNZO

Ndugu zangu, kifaa cha mtoto mwenye ulemavu si pambo la nyumba wala la ofisi ya mwalimu mkuu. Kiti cha magurudumu kilichofungiwa stoo hakimfikishi mtu darasani. Tunaficha vitu tukidhani tunavitunza, kumbe tunawanyima watoto wetu miguu, macho na masikio. Mpe mtoto kifaa chake leo. Akikichakaza, mshangilie: anasoma huyo.