Nukta Zilizolala Upande

Kila asubuhi Aneth alijaza maji chupa mbili, yake na ya mdogo wake Isaka. Isaka alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu, na daktari alikwishaonya kwamba mtoto huyo asikae na kiu. Basi waliongozana kando ya reli ya Itigi kwenda shuleni, Aneth akisema kila mara, "Kunywa maji, wewe," hata Isaka akampachika jina la Bibi Afya.

Siku hiyo Bibi Afya alisahau kazi yake. Mawazo yote yalikuwa kwenye shindano la klabu ya sayansi. Kundi litakaloshinda lingekwenda kwenye maonesho Singida mjini, na Aneth aliitaka safari hiyo mpaka usingizi ukampaa.

Baada ya vipindi walikusanyika kwenye stoo ya shule, ambayo madirisha yake yalizibwa kwa mablanketi. Mwalimu Febronia alikuwa na boksi la viatu lililotobolewa matundu mawili.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Sikilizeni. Ndani ya damu kuna protini iitwayo hemoglobini, ndiyo inayobeba oksijeni. Ni ndogo mno, hadubini yetu haiwezi kuionesha. Wanasayansi wakafanya ujanja. Waliifanya iwe fuwele, mfano wa chembe za chumvi, ndani yake kila kitu kimejipanga safu kwa safu. Wakapitisha mionzi ya eksirei, mionzi ikatawanyika, ikaacha nukta. Kwa kuzisoma nukta hizo wakajua ndani kumepangwaje."

"Bila kuipasua?" akauliza Obadia, mwenzake Aneth katika kundi.

"Bila kuipasua. Leo ni zamu yenu, na hili ndilo shindano. Humu nimebana kitambaa cha mwavuli. Nitapitisha mwanga wa leza. Chora unachokiona ukutani, kisha uniambie nyuzi zimekaaje. Boksi halifunguliwi, na mtu asiitazame leza."

Akawasha. Ukutani zikachanua nukta nyekundu, safu juu ya safu, na stoo nzima ikalipuka kwa kelele. "Jamani, jamani!" Peniel wa kundi la pili alikuwa akirukaruka. Hata Aneth alipiga makofi kabla ya kukumbuka penseli.

Alikuwa mchoraji hodari, na alilijua hilo vizuri. Lakini safu zile zilimkera. Hazikusimama wima, zilikuwa zimelala upande. Mara treni ya mizigo ikapita, boksi likatikisika, nukta zikacheza. "Ahaa, ni treni," Aneth akajiambia. Akachukua kifutio, akazinyoosha zote zikawa kama dirisha la nondo.

"Mbona umezinyoosha?" Obadia akanong'ona. "Zilikuwa zimelala hata kabla ya treni."

"Wacha wewe. Unataka tupeleke mchoro wa ovyo Singida?"

Obadia akanuna. Mchoro ukapelekwa mbele na jibu lake: nyuzi zimekaa wima. Mchoro wa Peniel ulikuwa na alama za vidole, nukta zimelala upande.

Mwalimu akaiweka michoro yote miwili mezani. "Kabla sijafungua, niwaambie jambo. Kasoro ya selimundu iko hukohuko kwenye hemoglobini. Ni ndogo sana, lakini inatosha kumlaza mtoto kwa maumivu. Watu waliifahamu kwa sababu hawakuipuuza."

Aneth akamwona Isaka akilini, akijikunja kitandani. Jibu bado lilikuwa ndani ya boksi, na angeweza kukaa kimya. Akasimama.

"Mwalimu, mchoro wangu si wa kweli. Niliona nukta zimelala, nikazinyoosha ili zipendeze. Obadia alinikataza."

Mwalimu akafungua boksi. Kitambaa kilikuwa kimevutwa pembeni kwa pini, nyuzi zake zimeinama.

"Nilikivuta makusudi," akasema. "Peniel, kundi lako linakwenda Singida."

Kundi la Peniel lilishangilia mpaka vumbi likatimka. Aneth alilia, wala hakuficha machozi. Ndipo Peniel akainua karatasi yake. "Lakini mwalimu, tutaipelekaje hii? Kama kuku amechakura! Aneth atuchoree, tuende naye."

"Na Obadia," Aneth akadakia. "Yeye ndiye aliyesema kweli tangu mwanzo."

Mwalimu Febronia akacheka, akakubali. Kisha akamshika Aneth bega. "Mwanangu, uzuri wa mchoro hauna faida kama umeficha ulichokiona. Kama wanasayansi nao wangeinyoosha kasoro ile ili karatasi ipendeze, leo daktari angejuaje kinachomuumiza mdogo wako? Chora unachokiona, hata kama hukipendi."

Leza ikawashwa tena. Aneth akafuta uso, akachora nukta moja baada ya nyingine, zote zimelala upande. Kifutio alikuwa amempa Obadia amshikie.